Fundi asiyepokea simu: Mambo ya kufanya kabla hujatoa shilingi ya kwanza

Na Mwandishi Wetu, Kasese

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika miji ya Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, wapo watu wengi walio tayari kuuziba huo ufa na fedha wanazo, lakini wa kuuziba hapatikani. Simu yake inaita bila kupokelewa. Siku akiipokea, anasema yuko njiani, na njia yenyewe haina mwisho.

Wanaoumia zaidi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wafanyabiashara wa mpaka wa Mpondwe, ambao huvuka kwenda Kasindi, Beni au Butembo na hawajui watarudi saa ngapi. Wa pili ni waliorudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kutafuta maisha Uarabuni, Ulaya, Marekani au ng'ambo ya mto Lhubiriha. Wote wana akiba iliyochumwa kwa jasho, na wote hawana nafasi ya kukaa saiti kutwa nzima wakihesabu matofali.

Matokeo yake yanaonekana. Kuna chumba cha nyongeza kilichofika kwenye madirisha kikaota nyasi. Kuna paa lililobadilishwa upande mmoja, huku upande wa pili ukivuja vile vile. Kuna saruji iliyonunuliwa mapema ikagandia stoo na kuwa mawe.

Wengi huhitimisha kwamba mafundi ni waongo, kisha wanakwenda kutafuta mwingine na kumfanyia yale yale waliyomfanyia wa kwanza. Makala haya yanasema jambo tofauti. Fundi anayeitikia hapatikani kwa bahati, wala hatambuliwi kwa sura au kwa maneno matamu. Kwa sehemu kubwa huitikia kwa sababu ya namna kazi ilivyogawanywa na namna fedha inavyotoka mfukoni mwako.

Kwa nini fundi hunyamaza

Fundi wa kawaida katika miji hii hana mtaji. Ana mwiko, timazi, pima maji, misumeno na watu watatu au wanne wa kumsaidia. Vibarua hao hula kila siku na hudai mshahara wao kila Jumamosi. Kwa hiyo anapopokea advansi yako, mara nyingi fedha hiyo haianzi kazi yako. Inakwenda kumalizia kazi ya mtu mwingine iliyokwama, au kuwalipa vibarua wa wiki iliyopita. Ili aanze kazi yako, itambidi apate advansi ya mteja wa tatu.

Hapo ndipo simu inapogeuka kuwa adui yake. Ukipiga wewe, anajua unamdai kazi. Akipiga mteja mpya, anajua kuna fedha. Kati ya anayemdai na anayempa, atapokea simu ya nani?

Si lazima awe mwizi. Wengi wao wana nia ya kurudi, na hurudi pale mambo yanapowanyookea. Lakini mteja anayetoa nusu ya fedha siku ya kwanza ili fundi apate moyo amejifungia mlango mwenyewe. Ametoa kitu pekee kilichokuwa kinamfanya fundi amtafute.

Kuna pia suala la majira. Mvua za eneo hili huja kwa vipindi viwili, Machi hadi Mei, na tena kuanzia Agosti hadi Novemba. Wenye nyumba wengi hukumbuka paa linapoanza kuvuja, na wote hukumbuka wiki moja. Fundi mmoja huchukua kazi nne, akaweka ngazi kila mahali ili kila mwenye nyumba aamini kazi imeanza. Anayetaka kutengewa nafasi na amtafute fundi Desemba au Januari, au mwezi Juni, wakati mbingu zimefunga na fundi ana njaa ya kazi.

Siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, nazo zina hesabu yake. Magari ya mizigo na vijana wenye nguvu huelekea sokoni. Usipange kumwaga zege siku hiyo.

Pa kumtafuta

Mtu wa kwanza wa kuuliza si jamaa yako. Jamaa atakuletea jamaa mwingine, na kazi ikiharibika mtagombana ukoo mzima. Muulize mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye anajua ni fundi gani huleta orodha iliyokamilika na yupi hurudi mara saba kuongeza misumari. Anajua pia nani hukopa kwa jina la mteja. Uliza maduka mawili au matatu yasiyo na uhusiano, na likitajwa jina moja mara mbili, lifuatilie.

Kisha usiangalie kazi anayoifanya sasa, kwa sababu kila kazi mpya hupendeza. Omba akuonyeshe nyumba aliyoimaliza kabla ya misimu miwili ya mvua. Tazama pembe za madirisha kama zimepasuka, shika ukuta kwa chini uone kama unamomonyoka, na uangalie dari kama lina alama za maji.

Halafu muulize mwenye nyumba swali moja, naye fundi asiwepo: kasoro ilipojitokeza, alirudi? Hakuna nyumba isiyo na kasoro. Jibu la swali hilo litakueleza kama fundi huyu huitikia baada ya kulipwa.

Angalia na umbali. Kutoka Kasese mjini hadi Bwera ni kilomita 50 hivi, na barabara inapita Kikorongo na mbuga ya Queen Elizabeth. Fundi wa Kasese anayepewa kazi Bwera bila pa kulala atakula fedha nyingi kwenye nauli, na siku nauli ikikosekana hatakuja. Ama umtafute wa Bwera, ama mkubaliane mapema chumba cha kulala kitatoka kwa nani.

Vivyo hivyo kwa mafundi kutoka upande wa Kongo. Wapo hodari, na Mnande wa Butembo na Mkonzo wa Bwera husikilizana bila mkalimani. Lakini siku kukiwa na ugomvi, mahakama ya kijiji chako haiwezi kumfuata Kasindi. Mwajiri ukitaka, ila awe na mdhamini anayeishi upande wa Uganda, anayejulikana na mwenyekiti wa LC1, na ambaye naye ataweka sahihi.

Kwa kazi kubwa, kama vile kujenga ghorofa au maduka ya kupangisha, tafuta kontrakta mwenye kampuni. Mwombe cheti cha usajili kutoka idara ya usajili ya taifa, URSB, na nakala ya mikataba miwili aliyokamilisha. Kwa kazi ya umeme, hata ikiwa ni ya chumba kimoja, fundi awe na kibali cha mamlaka ya udhibiti wa umeme, ERA. Fundi aliyejifunzia kazini bila kupita chuo anaweza kuwa na cheti cha DIT, idara iliyokuwa ikiwapima watu wa ufundi kwa vitendo. Cheti hakimfanyi mtu awe mwaminifu, lakini kinaonyesha kwamba kuna mahali jina lake limeandikwa.

Mpime kwa kazi ndogo

Kabla ya kumkabidhi nyumba, mkabidhi siku mbili. Mwambie abadilishe kofia ya paa, atengeneze mfereji wa maji ya mvua au azibe ufa wa jikoni. Iwe kazi yenye mwanzo na mwisho, na umlipe ikikwisha.

Katika siku hizo mbili tazama mambo manne. Alifika siku aliyosema? Alipochelewa, alipiga simu yeye au ulimtafuta wewe? Misumari na saruji iliyobaki alikurudishia? Alipoulizwa swali alieleza, au alisema tu niachie mimi bosi? Anayeshindwa kupiga simu kwa ajili ya kazi ya siku mbili hataipiga kwa ajili ya kazi ya miezi miwili.

Baada ya hapo mwombe orodha ya vifaa na gharama, kila kitu na idadi yake na bei yake, na umpe siku ya kuileta. Waombe mafundi watatu. Bei ya chini kuliko zote si ushindi. Ukiona mmoja ameandika nusu ya bei ya wenzake, ama amesahau kitu, ama anahitaji advansi yako haraka kwa shida nyingine.

Mali bila daftari

Sheria ya mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Kiasi hicho hakizidi bei ya mabati ya chumba kimoja au viwili, kwa hiyo karibu kila kazi ya nyumba inaangukia humo. Hata hivyo watu wengi huanza ujenzi wa mamilioni kwa kupeana mikono tu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkataba hauhitaji Kiingereza kigumu. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, kwa lugha mnayoielewa nyote wawili, iwe Kiswahili au Lhukonzo. Uandike majina kama yalivyo kwenye vitambulisho vya taifa na namba zake. Taja kazi yenyewe kwa vipimo. Kuandika kurekebisha nyumba hakutoshi. Andika kuongeza chumba cha mita 4 kwa mita 3 upande wa nyuma, na kuezeka upya. Andika ni nani ananunua vifaa, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, malipo ya kila hatua, na itakuwaje mmoja wenu akitaka kubadilisha jambo katikati.

Malipo yaandikwe kwa sarafu moja. Mpakani fedha za Uganda, faranga za Kongo na dola hutembea pamoja, na bei ya dola hupanda na kushuka. Mkikubaliana kwa dola mwezi huu na kulipana kwa shilingi baada ya miezi mitatu, mmoja wenu ataona ameibiwa ingawa hakuna aliyeiba. Andikeni pia ada ya kutoa fedha kwenye simu ni ya nani.

Ongeza mstari mmoja ambao wengi husahau. Sema fundi atakupigia au kukutumia ujumbe siku fulani za wiki, kwa mfano kila Jumatano na Jumamosi jioni, hata kama hakuna jipya, na kwamba malipo ya hatua inayofuata hayatolewi kabla ya taarifa hiyo. Hapo kuitikia kunakuwa sehemu ya kazi anayolipwa.

Mashahidi wawe wawili, mmoja wa kila upande, na mwenyekiti wa LC1 agonge mhuri. Kama kazi ni ya kuongeza chumba, kubomoa ukuta au kujenga ghorofa, pita kwanza kwenye ofisi ya halmashauri inayosimamia majengo, kwani sheria ya udhibiti wa majengo ya mwaka 2013 inataka kibali. Afadhali kupoteza siku chache ofisini kuliko kubomolewa.

Fedha zitoke kwa hatua

Mkono mtupu haulambwi. Fundi lazima apate kitu cha kuwalisha vibarua, na mteja asiyetaka kutoa hata shilingi hadi kazi ikwishe atabaki na mafundi wasio na kazi kwa sababu maalumu. Shabaha ni kwamba kila siku ya kazi, fedha iliyobaki kwako iwe kubwa kuliko kazi aliyokuachia bila kuifanya.

Tuseme kazi ya kuongeza chumba na kuezeka, kwa ufundi peke yake bila vifaa, mmepatana shilingi 3,000,000. Unaweza kuzigawa hivi: 300,000 siku anapofika na vyombo na watu wake, 750,000 ukuta unapofika kwenye lenta, 750,000 paa linapokamilika, 900,000 ripu na sakafu zinapokwisha, na 300,000 za mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza kunyesha bila paa kuvuja.

Hatua hizo zina faida mbili. Kila moja inaonekana kwa macho, kwa hiyo hakuna ubishi wa asilimia ngapi imefanyika. Na fundi ana sababu ya kukupigia simu yeye mwenyewe, kwa kuwa anataka uje uone ukuta umefika ili alipwe. Ile asilimia kumi ya mwisho ndiyo inayomrudisha mtu baada ya vumbi kutulia. Ukiilipa kwa huruma siku ya kukabidhiwa ufunguo, umeinunua mvua pamoja na nyumba.

Vifaa nunua mwenyewe. Kama huwezi kufika dukani, tuma fedha moja kwa moja kwa mwenye duka kwa namba yake ya MTN au Airtel, na risiti iandikwe jina lako. Fundi apokee vifaa na kuweka sahihi ya idadi. Usinunue saruji ya miezi miwili kwa mkupuo. Mfuko unaolala sakafuni penye unyevu hupoteza nguvu, na mfuko uliolala stoo hushawishi.

Vifaa vinavyodanganya

Kasese ina bahati ya kuwa na kiwanda cha saruji cha Hima jirani. Lakini saruji si moja. Mfuko wenye namba 32.5 ni wa kujengea tofali na kupiga ripu. Wenye namba 42.5 ndio wa zege la nguzo, lenta na slabu. Fundi anayetumia wowote uliopo hajui kazi, au anajua na anataka kubakiza kitu.

Mabati nayo huuzwa kwa geji, na hapa wengi hukosea kwa kudhani namba kubwa ndiyo imara. Ni kinyume chake. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 28 ni nene kuliko zote tatu. Tafuta alama ya ubora ya UNBS na geji iliyopigwa chapa kwenye bati lenyewe.

Nondo zina mchezo wake. Inayouzwa kama ya milimita 12 inaweza kuwa pungufu, na jicho halitambui. Mizani hutambua. Nondo halisi ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7. Ikipungua sana hapo, irudishe.

Katika kuchanganya zege, kipimo cha kawaida ni mfuko mmoja wa saruji, mchanga mara mbili yake na kokoto mara nne. Tatizo ni toroli, kwani fundi mmoja hulijaza mlima na mwingine hulisawazisha. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Mwambie seremala akutengenezee sanduku la mbao lisilo na kitako, la sentimita 40 kwa 35 na kimo cha 25 kwa ndani. Sanduku hilo ni sawa na mfuko mmoja, na kwa hilo hata mtoto anaweza kusimamia hesabu. Zege likishamwagwa, limwagiliwe maji kwa siku 7 angalau. Joto la Kasese bondeni hulikausha haraka, nalo likikauka kabla ya kukomaa hupasuka.

Si mambo ya kupendezesha nyumba tu. Eneo hili linakaa kwenye Bonde la Ufa, chini ya milima ya Rwenzori. Tetemeko la Machi 20, 1966 liliua watu zaidi ya 100 na kubomoa maelfu ya nyumba katika eneo la Toro. Jingine lilipiga upande wa Fort Portal Februari 1994. Lenta inayozunguka nyumba nzima, yenye nondo zilizoungana kwenye pembe, ndiyo inayozishika kuta zisiachane ardhi ikitikisika. Lenta hiyo ndiyo fundi mwenye haraka huipitisha juu ya madirisha peke yake na kuacha kwingine.

Mto Nyamwamba nao umefundisha. Mafuriko ya Mei 2013, Mei 2014 na Mei 2020 yalishuka Kilembe na kuingia Kasese mjini yakiwa na mawe makubwa, yakachukua nyumba na maisha ya watu. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinataka nafasi isiyopungua mita 30 kutoka ukingo wa mto. Fundi anayekubali kukuongezea chumba kuelekea mtoni bila kukuonya anaitafuta fedha yako, hakutafutii makazi.

Ukiwa mbali

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliye Dubai au Boston, au hata Butembo, anahitaji mtu wa kumwakilisha, na kosa linalorudiwa ni kumpa mtu mmoja kazi zote: kupokea fedha, kununua vifaa na kusema kazi imekwenda vizuri. Hata ndugu mwema atajaribiwa.

Gawanya. Mmoja anunue na kutunza risiti. Mwingine, asiyeshika fedha, aende kuangalia. Huyu wa pili anaweza kuwa mwalimu mstaafu wa jirani au fundi mzee aliyeacha kazi, umlipe kidogo kwa kila ziara. Anachotakiwa kukuletea ni vipimo.

Picha za simu zinasaidia kama utasema unataka picha za nini. Picha ya ukuta uliopakwa rangi haina habari. Taka picha ya mtaro wa msingi ukiwa na futi ya kupimia ndani yake, ya nondo kabla hazijafunikwa na zege, ya mabomba kabla ya ripu, na ya mbao za paa kabla ya dari. Andika katika mkataba kwamba hakuna kitakachofunikwa kabla ya picha yake kufika. Wanaoishi katika mji huo huo nao wafanye hivyo hivyo, kwani kilichofunikwa hakikaguliwi tena bila kubomoa.

Waliorudi wanajua thamani ya jambo hili. Baada ya waasi wa ADF kuishambulia Mpondwe Novemba 13, 1996, familia nyingi za eneo hili zilihama makwao, na waliporejea wengine walianza upya kutoka kwenye msingi. Mtu aliyejenga mara mbili hana uwezo wa kujenga mara ya tatu kwa sababu ya uzembe.

Mambo yakiharibika

Fundi akipotea, usikimbilie kumleta mwingine siku hiyo hiyo. Kwanza kazi iliyofanyika ipimwe mbele ya LC1 na mashahidi wa mkataba, ipigwe picha, na vifaa vilivyobaki vihesabiwe. Fundi mpya akishagusa ukuta, yule wa kwanza atasema kasoro ni za mwenzake.

Kisha mwandikie barua ukitaja kiasi unachodai na siku za kurekebisha. Akija na kukubali kwamba anadaiwa, mwandikishe hapo hapo, kwa sababu deni lililokubaliwa kwa sahihi ni rahisi kulidai kuliko ubishi wa ubora wa ripu.

Asipoitikia, kuna ngazi mbili ambazo hazihitaji wakili. Chini ya sheria ya mwaka 2006, mahakama ya LC ya kijiji husikiliza kesi za mikataba na madeni yasiyozidi shilingi 2,000,000. Kwa madai ya fedha hadi 10,000,000 upo utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, ambao huanza kwa barua ya madai ya siku 14. Mkataba, risiti na picha ndivyo vitakavyokusemea. Kwenda polisi kudai deni mara nyingi huongeza gharama tu, isipokuwa kama kweli kuna wizi au ulaghai.

Na mteja naye aitikie

Haki ni kusikiliza upande wa pili. Mafundi nao wana kilio chao. Yuko mteja anayeagiza dirisha lihamishwe baada ya ukuta kusimama, na hataki kuongeza fedha. Yuko anayechelewesha mchanga siku tano, huku vibarua watano wanakaa na mshahara unahesabika. Yuko anayejua hatua imekamilika, na siku hiyo ndipo simu yake yeye inapozimwa.

Fundi aliyefanyiwa hivyo mara mbili hujifunza kudai nusu mapema na kukimbia mapema. Kwa hiyo hatua ikifika, lipa siku hiyo hiyo. Vifaa vifike kabla ya watu. Ukibadili mawazo, andika badiliko na bei yake. Sifa ya mteja anayelipa kwa wakati huenea kwenye maduka ya vifaa kama inavyoenea ya fundi mwizi, na mwenye sifa hiyo hatafuti fundi. Mafundi humtafuta yeye.

Juni na Desemba ndiyo miezi ya kuanza mazungumzo. Kabla hujaenda kumwona mtu yeyote, chukua daftari, pima chumba chako, andika unachotaka kifanyike, na gawanya fedha uliyonayo katika hatua tano. Fundi atakayeuangalia ukurasa huo na kuuliza maswali, huyo endelea naye. Atakayesema hayo ya maandishi ni ya nini, na akaomba ya mafuta ya pikipiki kwanza, mshukuru kwa kuja na umwage kwa heri.